Kusomea usalama wa kompyuta na mitandao chuo kikuu: Mambo ya kujua kabla ya kujaza fomu ya KUCCPS

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, napokea simu za wazazi wenye swali moja. "Mwanangu ataka kusomea haya mambo ya kulinda kompyuta. Ni masomo ya maana ama ni jina tu?" Mmoja hupiga kutoka Likoni, mwingine Malindi, mwingine Voi.

Swali hilo lina uzito wake. Miaka minne ya karo, chakula na chumba cha kupanga si pesa kidogo kwa mama anayeuza samaki au baba anayeendesha tuktuk. Kwa upande wa kijana nako kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kuvunjika moyo. Amezoea kutazama filamu za wadukuzi waliofunika nyuso, halafu anaingia darasani na kukuta hisabati, nyaya na kurasa za sheria. Wapo wanaoacha kabla ya mwaka wa kwanza kuisha. Ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni kujaribu alichojifunza kwenye mtambo usio wake na kujikuta mbele ya hakimu.

Makala haya yanaeleza somo lenyewe ni lipi, linafundishwa vipi, linapatikana wapi, linagharimu nini na linampeleka mtu wapi. Msimamo wangu nausema mapema: usichague kozi hii kwa jina lake. Tazama kinachofundishwa ndani, na mjue mwanao kama ni mtu wa kuaminiwa na funguo za wengine, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Somo lenyewe ni lipi?

Usalama wa kompyuta na mitandao ni taaluma ya kulinda mambo matatu: siri, usahihi na upatikanaji.

Siri ni kuhakikisha kwamba habari inasomwa na anayeruhusiwa tu. Faili lako la hospitali halipaswi kusomwa na jirani yako eti kwa sababu binamu yake ni karani pale.

Usahihi ni kuhakikisha kwamba habari haikubadilishwa kinyemela. Alama ya C ikigeuzwa kuwa A ndani ya hifadhidata ya chuo, hakuna siri iliyovuja, lakini cheti cha kila mwanafunzi wa chuo hicho kimepoteza thamani.

Upatikanaji ni kuhakikisha kwamba huduma ipo pale mwenyewe anapoihitaji. Wakenya walilifahamu hili vizuri mnamo Julai 27, 2023, wakati tovuti ya eCitizen ilipolemewa na watu walioshindwa kupata huduma wakahangaika. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na serikali ikakiri kwamba kulikuwa na shambulio lakini ikasema hakuna data iliyopotea. Oktoba 2024, Idara ya Haki ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kwa tuhuma za kuendesha kundi hilo.

Shambulio la aina hiyo halihitaji kuvunja mlango. Fikiria kivuko cha Likoni saa moja asubuhi. Watu elfu kadhaa wasio na safari yoyote wanaingia kwenye foleni, wakifika mbele wanarudi nyuma kupanga tena. Feri haina hitilafu wala nahodha hana kosa, lakini mfanyakazi na mgonjwa hawavuki. Hivyo ndivyo seva inavyozidiwa na maombi ya uongo yanayotoka kwenye maelfu ya kompyuta kwa wakati mmoja.

Kozi nyingi za kompyuta hugusa mambo haya juu juu. Kozi ya usalama wa vitendo huingia ndani: mwanafunzi anajenga mtandao, anautia kasoro kwa makusudi, anaushambulia ndani ya maabara, kisha anaurekebisha na kuandika ripoti. Kwa mwajiri, ripoti hiyo ina thamani kuliko shambulio lenyewe.

Kwa nini jambo hili linahusu Pwani

Intaneti ya Kenya haishuki kutoka angani. Sehemu kubwa inapita chini ya bahari na kuingia nchini kupitia Mombasa. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilianza kutumika mwaka wa 2009, na EASSy ikafuata 2010. Waya wa TEAMS unatoka Mombasa hadi Fujairah katika Muungano wa Falme za Kiarabu, karibu njia ile ile iliyofuatwa na majahazi ya babu zetu. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, kasi ya intaneti ilishuka katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Hakukuwa na mdukuzi hapo. Lakini swali alilokabiliana nalo mhandisi ni lile lile la usalama: njia moja ikifa, nyingine ipo?

Kisha kuna bandari. Kontena haliondoki Kilindini kwa nguvu za kreni pekee. Kuna mfumo unaojua kontena liko wapi, ni la nani, limelipiwa ushuru au la. Mfumo ukizima, malori yanajipanga barabarani na mizigo inalala.

Si jambo la kubuni. Julai 2021, shambulio la kompyuta liliikumba kampuni ya Transnet ya Afrika Kusini na kuvuruga kazi katika bandari ya Durban na nyinginezo. Miaka minne kabla ya hapo, Juni 27, 2017, programu hasidi iliyoitwa NotPetya ilianzia Ukraine, ikajipenyeza kupitia masasisho ya programu ya uhasibu, na kuifikia Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake tunayaona hapa kila siku. Mwenyekiti wa kampuni hiyo alieleza baadaye kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku kumi. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Ndani ya mkasa huo kuna kisa ambacho kila mwanafunzi wa somo hili anapaswa kukijua. Maersk ilikuwa na seva takriban 150 zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao. Zilipangwa kunakiliana, ili moja ikifa nyingine ziendelee. Hakuna aliyefikiria kwamba zote zingeweza kufa kwa pamoja, na ndivyo ilivyotokea. Moja tu ilipatikana nzima, huko Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umepotea na seva ikazimika kabla ya shambulio kuifikia. Intaneti ya pale ilikuwa ya polepole mno kutuma data yote, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja asafiri na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye akaipeleka London.

Kampuni kubwa kama hiyo iliokolewa na kupotea kwa umeme. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kazi ya mtaalamu wa usalama ni kuutafuta ufa kabla ya mvua.

Utafundishwa nini mwaka hadi mwaka

Shahada ya kwanza hapa Kenya huchukua miaka minne. Vyuo hutofautiana, lakini mtiririko wa kawaida ni huu.

Mwaka wa kwanza ni msingi: hisabati, kuandika programu kwa lugha kama C au Python, jinsi kompyuta inavyofanya kazi ndani, na utangulizi wa mitandao. Hapa ndipo wengi hulalamika kwamba hawaoni "udukuzi". Wavumilie. Huwezi kuona kilichoharibika kama hujui kizima kinafananaje.

Mwaka wa pili huingia kwenye mifumo ya uendeshaji, hasa Linux, hifadhidata, na mitandao kwa kina. Mwanafunzi hujifunza kwamba ujumbe wa simu hausafiri ukiwa mzima. Hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikaandikwa anwani ya kinakotoka na kinakokwenda, vikapita kwenye ruta kadhaa, kisha vikaunganishwa upya mwisho wa safari. Kwa kutumia programu kama Wireshark, atavitazama vipande hivyo vikipita mmoja baada ya mwingine. Siku anapoliona nenosiri lake mwenyewe likipita wazi kwenye mtandao usiolindwa, somo humwingia kuliko hotuba kumi.

Mwaka wa tatu ndio kiini: usimbaji wa habari, ulinzi wa mitandao, kuandika programu zilizo salama, upimaji wa mifumo kwa idhini, na uchunguzi wa kidijitali, yaani jinsi ya kukusanya ushahidi kutoka kwenye simu au kompyuta bila kuuharibu, ili usimame mahakamani. Hapo pia hufundishwa sheria na maadili. Kwa kawaida kuna kipindi cha atachimenti, ambapo mwanafunzi hufanya kazi katika kampuni au ofisi ya serikali.

Mwaka wa nne ni wa masomo ya kuchagua na mradi wa mwisho. Mradi mzuri hutatua tatizo linaloonekana. Anayeona jinsi chama cha akina mama mtaani kinavyoweka rekodi zake kwenye simu moja isiyo na nakala ya akiba, tayari ana mradi mkononi.

Hisabati ni ya nini hasa?

Hili ndilo swali la pili kwa wingi, hasa kwa wanafunzi waliopata alama za kubahatisha katika somo hilo. Nitajibu kwa mifano miwili.

Sasa ni saa kumi jioni. Baada ya saa tano itakuwa saa ngapi? Hutasema saa kumi na tano. Utasema saa tatu usiku, kwa kuwa saa ikipita kumi na mbili huanza tena. Hesabu hiyo ya kuzunguka, ambayo kila mtoto wa Kiswahili anaijua bila kufundishwa, ndiyo inayotumika katika usimbaji wa kisasa, tofauti ikiwa kwamba "saa" yake ina nambari ndefu yenye mamia ya tarakimu.

Mfano wa pili: zidisha 61 kwa 53. Jibu ni 3,233, na kwa karatasi na kalamu linapatikana kwa dakika moja. Sasa mpe rafiki yako 3,233 peke yake, mwambie atafute nambari mbili zilizozidishwa. Atahangaika. Kwenda mbele ni rahisi, kurudi nyuma ni kazi. Mwaka wa 1977, wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, walijenga juu ya wazo hilo mbinu inayojulikana kama RSA kwa herufi za kwanza za majina yao. Nambari zikiwa kubwa vya kutosha, hata kompyuta zenye nguvu tulizo nazo leo hushindwa kurudi nyuma kwa muda wenye manufaa.

Kwa hiyo hisabati haikuwekwa kwenye kozi kuwachuja wanyonge. Ndiyo kufuli lenyewe. Habari njema ni kwamba si lazima uwe bingwa. Anayeweza kukaa na tatizo moja kwa saa mbili bila kukata tamaa ana nafasi nzuri kuliko mwerevu asiye na subira.

Sheria: mahali vijana wanapoangukia

Naomba mzazi na mwanafunzi wasome sehemu hii pamoja.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka wa 2018 inasema katika kifungu cha 14 kwamba kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ukivuruga mfumo huo, adhabu inaweza kufika shilingi milioni 10 au miaka 5. Tovuti ya chuo chako, Wi-Fi ya jirani na akaunti ya mpenzi wako zote ziko chini ya sheria hiyo. Kusema "nilikuwa najaribu tu" hakukusaidii, kwa kuwa kinachotazamwa kwanza ni kama uliruhusiwa.

Kisa cha zamani kinafaa hapa. Novemba 2, 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachilia programu iliyojisambaza yenyewe kwenye intaneti ya wakati huo. Programu ilipofika kwenye kompyuta iliuliza kama nakala yake ilikuwa pale tayari. Kwa kuhofia kwamba wasimamizi wangeidanganya kwa jibu la ndiyo, Morris aliipanga ijiweke hata hivyo mara moja katika kila mara saba. Hesabu hiyo ilikuwa kubwa mno. Nakala zilirundikana na kompyuta zikalemewa. Inakadiriwa mashine 6,000 ziliathirika, katika intaneti iliyokuwa na takriban 60,000. Morris alipatikana na hatia mwaka wa 1990, akapewa miaka mitatu ya kuwa chini ya uangalizi, saa 400 za kazi ya jamii na faini ya dola 10,050. Baadaye alikuwa profesa katika chuo cha MIT. Wengi hawapewi nafasi ya pili kama yake.

Utafanyaje basi ili ujizoeze bila kuvunja sheria? Jenga maabara yako. Programu ya bure kama VirtualBox hukuwezesha kuendesha kompyuta mbili au tatu za kuigiza ndani ya kompyuta yako moja. Moja iwe ya kushambulia, nyingine ya kushambuliwa, na zote ni zako. Kuna pia viwanja vya mazoezi vilivyowekwa wazi kwa kazi hiyo: picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, OverTheWire, TryHackMe, na mafunzo ya bure ya PortSwigger kuhusu usalama wa tovuti. Humo unaruhusiwa kuvunja.

Na ukigundua kwa bahati kwamba tovuti fulani ina kasoro? Acha hapo hapo. Usipakue chochote, usiwaonyeshe marafiki, usidai malipo. Andika ulichokiona, uwajulishe wenye tovuti. Kuna pia kituo cha kitaifa cha KE-CIRT/CC chini ya Mamlaka ya Mawasiliano kinachopokea taarifa za matukio ya usalama wa mitandaoni. Ukitaka kupima mfumo wa mtu, pata idhini kwa maandishi kwanza, ikieleza unapima nini na lini. Neno la mdomo halitoshi.

Sheria ya pili ya kujua ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hii inawabana wanaoshika habari za watu, kuanzia hospitali hadi hoteli. Data ikivuja na kuwepo hatari ya kweli ya kuwadhuru wenyewe, anayeishika anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Sheria hii imefungua kazi, kwa kuwa mashirika sasa yanahitaji mtu anayeielewa sheria na kompyuta kwa pamoja.

Wapi pa kusomea

Vyuo vya umma vyenye shahada ya usalama wa kompyuta na uchunguzi wa kidijitali ni pamoja na Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Kwa upande wa vyuo vya kibinafsi, KCA jijini Nairobi kina shahada ya usalama wa habari na uchunguzi. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopata hati yake 2023, kinafundisha usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali kupitia intaneti, jambo linalomfaa anayefanya kazi au asiyeweza kuhama nyumbani.

Msomaji wa Pwani atauliza: je, kwetu? Tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi na Chuo Kikuu cha Taita Taveta huko Voi. Vyote hufundisha kompyuta. Hapa ndipo ninaporudia msimamo wangu. Shahada ya sayansi ya kompyuta au teknolojia ya habari, ikiwa na mitandao ya kutosha, pamoja na mazoezi ya bidii na cheti kimoja cha kitaaluma, humfikisha mtu pale pale. Kijana anayesoma Tudor akilala kwao Mishomoroni, na pesa za chumba zikanunua kompyuta nzuri na intaneti, hajapoteza kitu mbele ya aliyesafiri kilomita mia saba kufuata jina la kozi.

Kozi hubadilika, kwa hivyo kabla ya kujaza fomu hakikisha kwenye tovuti ya KUCCPS kwamba kozi ipo mwaka huo na masomo inayoyataka ni yapi. Kwa shahada, wastani unaohitajika ni C+ katika KCSE, na hisabati hutazamwa kwa makini. Aliyepata C- hajafungiwa mlango. Anaweza kuanza na diploma ya kompyuta au mitandao katika taasisi ya kiufundi, kisha akajiunga na chuo kikuu. Njia ni ndefu, lakini wengi waliopitia huko huingia darasani mikono ikiwa tayari imezoea nyaya.

Gharama na vifaa

Karo hutegemea chuo na mpango wa serikali wa ufadhili. Tangu 2023 serikali imekuwa ikitaka kugawa ufadhili, mkopo na mchango wa familia kulingana na uwezo wa nyumba, na mpango huo umefika mahakamani. Fuatilia tangazo la mwaka wako mwenyewe. La muhimu ni kuomba mapema, na kuandika hali halisi ya familia bila kuona haya. Usisahau pia basari ya kaunti na ya eneo bunge. Barua za chifu na nakala za vitambulisho ziwe tayari kabla ya matangazo.

Kifaa cha lazima ni kompyuta. Kwa kuwa utaendesha mashine za kuigiza, kumbukumbu ya ndani iwe GB 8 angalau, na 16 ikiwezekana. Iliyotumika lakini imara inatosha. Linux haina malipo. Vitabu vingi na mafunzo ya Cisco Networking Academy ya kuanzia yanapatikana bure mtandaoni. Usimnunulie kijana programu ya "udukuzi" inayouzwa kwenye Telegram. Mara nyingi yeye ndiye atakuwa amedukuliwa.

Kuhusu vyeti vya kitaaluma, CCNA ya mitandao na Security+ ni mahali pazuri pa kuanzia. CISSP ni cheti kikubwa, lakini huhitaji uzoefu wa kazi wa miaka mitano, na shahada inaweza kupunguza mwaka mmoja. Mtu akikuahidi kwamba mwanao ataipata CISSP kamili akiwa bado mwanafunzi, linda mfuko wako.

Kazi zipo?

Zipo, ila si kama zinavyotangazwa. Benki, kampuni za simu, saco, hospitali, bandari, serikali za kaunti na hoteli zinazopokea kadi za wageni zote zinahitaji ulinzi. Lakini kazi ya kwanza kwa kawaida ni ya chini: dawati la kusaidia watumiaji, kufunga mitandao, au zamu ya usiku ya kutazama tahadhari zinazotokea kwenye skrini. Ni ubawabu wa kidijitali, na kama bawabu yeyote, sifa yako ya kwanza ni kutolala na kutoiba.

Ipo pia mipango ya kuwaandaa vijana kwa kazi hizi, kama Cyber Shujaa iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha USIU-Africa, kampuni ya Serianu na Chama cha Mabenki Kenya.

Kuna jambo wahitimu wachache hulitilia maanani, nalo ni lugha. Walaghai wanaowapigia simu mama zetu na kusema "nimekutumia pesa kimakosa" hawavunji kufuli lolote la kihisabati. Wanazungumza vizuri. Mtaalamu anayeweza kuketi na wanachama wa saco Mtwapa na kuwaeleza kwa Kiswahili safi kwa nini PIN haitajwi kwa yeyote, hata anayejitambulisha kama mfanyakazi wa kampuni ya simu, atakuwa amezuia hasara ambayo mashine haiwezi kuizuia.

Maswali ya kuuliza chuo kabla ya kulipa

Piga simu au tembelea, uulize haya:

1. Je, kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu?
2. Kuna maabara ya mitandao yenye ruta na swichi za kushikwa kwa mkono? Wanafunzi wangapi hutumia kifaa kimoja?
3. Mitandao na Linux hufundishwa kwa mihula mingapi?
4. Atachimenti hutafutwa na chuo au na mwanafunzi mwenyewe?
5. Sheria na maadili ni somo kamili au ni mada ya wiki moja?
6. Waliohitimu miaka miwili iliyopita wako wapi?

Chuo kinachojibu maswali haya bila kuzungusha kinajua kinachofanya. Kinachokujibu kwa picha za matangazo, endelea kutafuta.

Halafu mzazi abaki na swali moja la kumuuliza mwanawe, jioni, wakiwa wawili: "Ukipewa ufunguo wa nyumba ya watu, na unajua hakuna atakayekuona, utafanya nini?" Alama za hisabati zinaweza kuongezwa kwa bidii, na kompyuta inaweza kununuliwa kwa kuchangishana. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama ile miaka minne itamtoa mlinzi.